Sauti ya Priska Ilipochelewa

Jumatatu, 6 Februari 2006

Umeme umekatika tena, na nisipoandika nitagombana na mtu. Kwa hiyo nimechukua daftari la mwanangu Salha, aliloliacha baada ya ukurasa mmoja wa Jiografia, nimekaa nalo mlangoni penye mwanga. Tangu mgao uanze, mchana dukani hatuna kazi zaidi ya kuangalia mvua ikipigana na upepo. Anayesema baridi iko Njombe tu hajasimama hapa Makambako mwezi wa pili.

Duka ni la watu wawili. Mimi Zamda nashika kamera, Dulla anashika kompyuta. Harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali, chochote chenye watu waliovaa vizuri tunakirekodi na kukitia kwenye DVD. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, lakini nimekaa mbele ya mikanda ya misa mingi kiasi kwamba naimba Utukufu huku namenya viazi. Mume wangu Mansoor husema ipo siku Wakatoliki watakuja kunichukua na sufuria langu.

Juzi Jumamosi tuliwapa kwaya ya Mtakatifu Sesilia, ya kigango cha Ikwavila kule juu ya Njombe, DVD zao za kwanza. Ni misa yao ya Krismasi. Mwalimu wao, Romanus, hataki kusikia habari ya pleibeki. Kwaya nyingine hurekodi sauti studio, kisha huenda kusimama mbele ya maua na kuchezesha midomo. Yeye alitaka waonekane wanaimba kweli, kanisani kwao, siku ile ile. DVD itazinduliwa rasmi kwenye jubilei ya kigango, Jumapili ya mwisho ya Aprili. Mkanda wao tuliuingiza kwenye kompyuta vipande vipande, kila umeme ulipopatikana, Dulla akaviunga. Kazi ilitutoa jasho lakini nimeridhika nayo.

Alhamisi, 9 Februari

Umeme hamna. Nimekula matunda ya mafyulisi mpaka tumbo limenuna.

Jumanne, 14 Februari

Romanus amekuja na DVD ndani ya mfuko wa sukari, amelowa mpaka kwenye soksi. Hakukaa.

"Mama Salha, hebu tuangalie wote."

Tukaweka. Mwanzo safi kabisa, maandamano yanaingia na ngoma inalia pale pale mkono unapotua. Nikaanza kumwona mwalimu ni msumbufu. Tulipofika kwenye mahubiri, Padri alifunga mdomo na neno likatoka nyuma yake. Nikadhani macho yangu yamechoka. Tukaenda mpaka wimbo wa shukrani, ule wa mwisho, anaouongoza binti mmoja anayesuka sweta, jina lake Priska. Kamera yangu imemkaa usoni tangu mwanzo mpaka mwisho, na ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka jana. Basi binti amefunga mdomo, anameza mate, anamtazama mwalimu wake, na sauti yake bado inapanda.

Nilitamani kuingia chini ya meza.

Dulla hakuinua hata kichwa. "Ni deki zao hizo, Mwalimu. Deki za bei rahisi zinachelewesha sauti."

Jumatano, 15 Februari

Tumeijaribu kwenye deki ya hoteli, kwenye deki ya fundi saa, na kwenye ya nyumbani kwangu ambayo Mansoor haruhusu mtu kuigusa. Zote zimesema jambo moja. Deki hazina kosa.

Jumamosi, 18 Februari

Dulla amepima kuchelewa kwa sauti kwenye wimbo wa Priska, akaivuta sauti yote ya DVD irudi nyuma kwa kiasi hicho hicho. Mwishoni kumekaa vizuri. Mwanzoni sasa ngoma inalia kabla mpigaji hajainua mkono.

Nikamwambia ametibu mguu kwa kuvunja shingo. Akaniambia kama najua kompyuta nikae mimi. Nikamwambia wakati yeye anasoma hiyo kozi yake Dar es Salaam, darasani alikuwa amelala. Tumefunga duka kila mtu akiangalia upande wake.

Jumatano, 22 Februari

Mvua. Dulla anaongea na mimi kwa kupitia wateja.

Jumamosi, 25 Februari

Leo amekuja mwenyewe.

Nilikuwa nafagia maji mlangoni. Binti mrefu, sweta la kijani, khanga kichwani, amesimama mvuani kama hajui kuwa inanyesha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Karibu."

"Mimi n-naitwa P... P..."

"Priska!" nikasema. "Nakujua, mdogo wangu, nimekuangalia kwenye TV mwezi mzima. Ingia unalowa."

Sikujua kuwa ana kigugumizi. Nimemsikia akiimba mara nyingi kuliko ninavyomsikia mwanangu, na kwenye kuimba hakina hata alama. Akakaa ukingoni mwa benchi. Mimi nina ugonjwa wa kutoweza kungoja, mama yangu alikuwa akiniambia nilizaliwa kabla ya mkunga kufika. Mtu akikwama kwenye neno, mimi huwa nimeshalimaliza.

"N-nimekuja kuuliza. Ile sauti, m-mli... m-mli..."

"Tuliichelewesha, ndiyo, samahani sana, tunaitengeneza."

Akatikisa kichwa. Akafumba macho, akangoja, kisha neno likatoka zima. "Mliibandika? Ni ya mtu mwingine?"

Nikaweka ufagio chini, nikaketi kando yake.

Ndipo akanieleza, taratibu, na nikampa muda kwa sababu aibu ilikuwa imenifunga mdomo. DVD ile imeshaonyeshwa kwenye kibanda cha video Njombe mjini. Watu wa kigango cha jirani waliiona, wakiongozwa na mzee Methodi, mwalimu wa kwaya yao. Wakasema kwaya nzima inaimba kweli isipokuwa yule binti wa mwisho, huyo kabandikiwa sauti. Na kwa nini asibandikiwe, mtu ambaye hawezi kutaja jina lake, ataimbaje vile? Basi habari imepanda mlima mpaka Ikwavila, na Jumapili mbili sasa Priska anakaa benchi la nyuma na wazee.

Lililonichoma ni jambo jingine. Kabla ya DVD hiyo hajawahi kuisikia sauti yake kutoka nje. Ameisikia mara ya kwanza ikitoka wakati mdomo wake umefungwa, na haikufanana na ile anayoisikia mwenyewe kichwani. Watu waliposema si yake, akaona huenda wanasema kweli, maana wa studio ni sisi.

Nikamwapia kwa Mungu kuwa ni yake. Alinishukuru kwa adabu. Sidhani kama aliniamini.

Jumatano, 1 Machi

Leo Wakristo wamepakwa majivu, na mimi ningemwaga ya jikoni yote kichwani kwa Dulla.

Niliamka na uamuzi mzuri. Nikasema hatupimi tena, hatuvuti tena. Tutakodi jenereta, tuuingize mkanda upya wote kwa mkupuo, bila kukatika, na mambo yaishe. Nikafika dukani kabla yake nikaanza kupekua sanduku la mikanda. Mkanda wa Krismasi ya Ikwavila sikuuona. Nikatoa yote, nikaipanga sakafuni. Ulikuwepo wenye maandishi yangu, "Ikwavila", umefutwa kwa kalamu, juu yake mwandiko wa Dulla: "Ilembula, harusi ya muuguzi".

Nikaweka kwenye kamera. Bibi harusi anashuka kwenye gari. Nikasogeza mbele, keki. Nikasogeza mbele zaidi, watu wanacheza, na hapo mkanda ukaisha.

Dulla alipoingia hakuuliza kitu, aliiona sakafu. Akasema siku ile ya Ilembula mikanda mipya ilikuwa imeisha, magari hayakupita kwa ajili ya matope, na kazi ya Ikwavila tulikuwa tumeshaikabidhi. Kila mtu anarudia mikanda, hata mimi. Hiyo ni kweli na ilinikasirisha zaidi.

Nilimwita majina ambayo sitaki Salha akute humu siku atakapolitaka daftari lake. Nikamwambia yule binti amepoteza kitu kimoja alichokuwa nacho, kimoja tu, na ushahidi pekee wa kwamba ni chake wewe umechezesha watu wa harusi mdumange juu yake. Dulla alisimama akiangalia vidole vyake. Mtu asiyejibu huwa ananitia wazimu, lakini leo nilimwona ana macho mekundu, nikatoka nje nikasimama kwenye upepo mpaka nikapoa.

Ijumaa, 3 Machi

Dulla ameenda internet kafe akarudi na makaratasi ya ushauri ya Kiingereza. Yanasema DVD inataka sauti ya kipimo fulani na huenda yetu ni ya kipimo cha sidii. Amebadilisha. Sauti imekuwa safi zaidi na imechelewa vile vile.

Alhamisi, 9 Machi

Mansoor kanibipu kutoka Matamba. Nikampigia. Fuso anayoendesha imezama kwenye tope na viazi vya watu juu. Nikamwambia na mimi nimezama, akacheka, akasema basi tukutane tukitoka.

Jumamosi, 18 Machi

Romanus amekuja na wazo, na wazo lenyewe linavutia mno, nikiri.

"Mama Salha, sauti ipo. Sura ya Priska ipo hai, haijafa. Tumvishe lile gauni la Krismasi, tumsimamishe pale pale kanisani, aigize midomo juu ya sauti yake mwenyewe. Nani atajua?"

Mwalimu huyu huyu wa "kwaya yangu haiigizi". Uso wake umekonda tangu mwezi jana. Anasema Padri ameshatangaza uzinduzi kwenye vigango vyote, na wimbo wa shukrani hauwezi kukatwa kwa kuwa ndio kila mtu anausubiri, wengine kwa kuupenda na wengine kwa kucheka. Nilikubali mara moja. Dulla pia. Tukampigia simu jirani yake Priska, akaitwa, akasikiliza yote.

"Hapana," akasema. "Nikiigiza, w-watakuwa wamesema kweli."

Akakata. Romanus alivaa kofia yake. Alipoondoka alisema anaona haya. Sikumwambia, lakini na mimi niliona.

Jumanne, 21 Machi

Alhamdulillahi!

Mansoor amerudi leo adhuhuri, tope mpaka kwenye nyusi. Nikampakulia ugali, akaanza kulalamika kabla ya tonge la kwanza. Wenye viazi wa kule wamemfungia lumbesa, magunia yaliyojazwa mpaka mdomoni kisha yakaongezewa kichwa cha viazi na kushonewa kamba juu.

"Gunia moja likizidi kidogo husemi kitu," akasema. "La pili husemi. Lakini ukiyalaza kwenye bodi, kila moja linalisukuma la nyuma yake. Ukifika nyuma, la mwisho linaning'inia nje, mlango haufungi. Njia nzima watu wananipigia kelele, gunia lako litaanguka! Wanalitukana hilo la mwisho. Kumbe lenyewe limezidi sawa na mengine, basi tu limesukumwa na yote."

Nilikuwa nimeshika mwiko wa mchuzi. "Baba Salha, rudia."

"Nirudie nini?"

"Habari ya gunia la mwisho."

Akarudia, akiniangalia kama mtu mwenye homa. Nikaacha mchuzi, nikaacha viatu vizuri nikavaa ndala, nikakimbia mpaka dukani na mvua ikinipiga. Dulla alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikamtikisa.

"Vile vipande! Kabla hujaviunga. Kila kimoja, sauti na picha vina urefu sawa?"

Akanitazama. Akatazama kompyuta. Umeme ulikuwepo, Mungu ni mwema. "Sijawahi kuangalia," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Vipande vyote ninavyo."

Nilidhani alishavifuta, maana diski imejaa na hufuta kila kitu. Akasema aliporudia mkanda ule, hata kabla Romanus hajaja na malalamiko, aliogopa, akavificha vipande kwenye kona ya diski ili hata mimi nisivifute. Wiki zote hizi nilikuwa naona anaringa. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa bize kumtukana.

Tukafungua kimoja kimoja. Kila kipande sauti imeizidi picha kwa kitu kidogo, hukioni kwa macho. Umeme ulipokatika, ile betri ya akiba inayoibeba kompyuta dakika chache ilipopiga kelele na Dulla akakimbilia kusimamisha, picha ilikuwa inasimama kwanza na sauti inaendelea kidogo. Dulla alipoviunga kwa mstari, ziada ya cha kwanza ikakisukuma cha pili, cha pili na cha kwanza vikakisukuma cha tatu. Mwanzo wa misa hukuona kitu. Mahubiri yakayumba. Na yule wa mwisho kabisa, Priska, akabebeshwa ziada ya misa nzima.

Nilimkumbatia Dulla mbele ya wateja. Leo hii maneno yatafika stendi.

Jumatatu, 27 Machi

Kazi imepata njia. Hatuungi tena kwanza. Tunakifungua kipande peke yake, tunatafuta kitu kinachoonekana na kusikika kwa pamoja, tunavikutanisha, tunakata mkia wa sauti, ndipo tunakwenda kingine. Kwenye mageuzo kuna kengele. Mtumikiaji anaitikisa altareni, unaona mkono na unasikia mlio, na kwenye kompyuta mlio unachorwa kama kilima chenye ncha. Sikujua kuwa Wakatoliki walikuwa wakinipigia hiyo kengele mimi. Kwenye matoleo kuna ngoma na makofi. Kipande cha mahubiri kilikuwa kigumu mpaka tulipompata mzee wa mstari wa mbele aliyepiga chafya, Mungu ambariki.

Ijumaa, 31 Machi

Umeme asubuhi tu. Vipande viwili vimekaa.

Jumanne, 4 Aprili

Tumebaki na cha mwisho na tumekwama.

Wimbo wa shukrani uko kwenye kipande chake peke yake, na hicho ndicho kilichoingizwa siku mbaya kuliko zote, umeme ukicheza. Humo kompyuta imeruka picha kadhaa katikati, kwa hiyo kukata mkia hakutoshi. Lazima tuikutanishe sauti na picha mwanzo, katikati na mwisho. Na hakuna kengele wala ngoma inayoonekana. Kuna uso tu. Picha yangu nzuri niliyojivunia, sikuihamisha hata mara moja kuonyesha mpiga ngoma. Dulla anasema sauti iingie hapa, mimi nasema pale, na tukiangalia sana wote tunaona vimekaa hata visipokaa.

Nimempigia Romanus. Nimesema amlete Priska mwenyewe.

Jumamosi, 8 Aprili

Amekuja na sweta moja la shule ambalo halijaisha, ili mikono isikae bure. Romanus alimfikisha mlangoni akaenda sokoni, nadhani makusudi.

Tulimkalisha mbele ya kioo. Dulla akapeleka picha taratibu, moja baada ya nyingine, bila sauti. Priska alijitazama. Mwanzoni alikuwa anageuza uso. Kisha nikaona midomo yake inakwenda na ya kwenye kioo.

"Hapo," akasema, akagusa kioo kwa sindano ya kusukia. "Midomo imegusana. Hiyo ni 'Baba'."

Dulla akarudisha, akatafuta kilima cha sauti, akavikutanisha. Kamili. Hakuna kengele iliyowahi kutupa kitu safi vile. Nikamuuliza ameonaje, mimi nimeangalia uso huo miezi mitatu.

"B na P na M," akasema, "n-ndizo zinazonifungia zaidi. Kila siku n-nasimama mlangoni pake. N-najua zinapofungwa na z-zinapofunguka."

Akaendelea. "Hapo." "Hapo tena." "Hapana, rudi kidogo, hiyo ni pumzi." Sindano ikigonga kioo, Dulla akifuata, na mimi nimesimama nyuma yao sina la kufanya. Tulikuwa tumebakiza mwisho wa wimbo, umeme ukakatika.

Basi tulikaa. Nikanunua mahindi ya kuchemsha. Priska akasuka, mvua ikanyesha, na akaongea zaidi ya nilivyotegemea. Alianza kuimba mtoto, akichunga mbuzi wa bibi yake, kwa sababu aligundua kuwa ukilivalisha neno wimbo linapita. Alikwama kwenye neno moja hapo katikati, na mimi nilikuwa nalo tayari mdomoni, tamu kabisa. Nikang'ata hindi. Likaja lenyewe, na halikuwa lile nililolidhania.

Umeme ulirudi jioni jua likiwa bado lipo. Tukamaliza, Dulla akaunga, akafungua sauti, tukaangalia wimbo wote bila kusimama. Ulipoisha, Priska kwenye kioo akafunga mdomo, na sauti ikaisha naye.

Yule wa kwenye benchi alilia, sindano zikaanguka chini. "Ni mimi," akasema. Hakukwama popote.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Romanus katuma ujumbe: Priska amerudi kusimama na wenzake mstari wa mbele. Nimeusoma mara nyingi kuliko nitakavyomwambia mtu.

Jumatatu, 1 Mei

Jana ilikuwa jubilei, na miguu yangu bado iko Ikwavila.

Mvua ilianza kwenye baraka za mwisho. Wakafunga turubai mbele ya kanisa, TV juu ya meza ya sakristia, jenereta nyuma ya choo isituvurugie. Watu wa vigango vyote, wengine wamebeba ulanzi kwenye madumu, wazee wenye makoti ya baridi. Mzee Methodi nilimjua kabla sijaonyeshwa. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakipeleka mbele kabisa, karibu aiguse TV kwa pua. Tangu Februari nilikuwa nimemwekea maneno. Nilimwona mnafiki mwenye wivu. Nikakaa nyuma yake nikiwa tayari.

Misa ikaenda. Kengele ikalia mkononi mwa mtumikiaji. Yule mzee wa mstari wa mbele kwenye DVD akapiga chafya, watu wakacheka. Ukafika wimbo wa shukrani. Mzee Methodi hakuitazama TV kama mtu anayetazama picha, aliikagua, akiinamisha kichwa huku na huku. Nikaelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa. Hakuwa na wivu huyu. Ana sikio, na sikio lake mwezi wa pili lilisema kweli, kwamba sauti ile na mdomo ule havikuwa pamoja. Kosa lilikuwa letu sisi, na yeye aliliona mapema kuliko sisi.

Wimbo ulipoisha alisimama.

"Mimi ndiye niliyesema amebandikiwa," akasema. "Leo nimeangalia kila neno. Sauti ni ya huyu binti. Nilikosea, na niliyasema mbele za watu, basi na hili nalisema mbele za watu." Akageuka upande wa kwaya, akavua kofia. "Mwanangu, sisi wa ng'ambo tunakusema tu, hatujui hata jina lako. Unaitwa nani?"

Mtu akamletea Priska kipaza sauti. Nilitaka kumrukia aliyekileta.

"Ninaitwa," akasema, na midomo ikafungwa.

Nilikuwa nalo. Romanus alikuwa nalo, nilimwona amevuta pumzi. Kwaya nzima walikuwa nalo, na mama yake aliyekaa chini na mtoto wa jirani. Mvua ilipiga turubai. Nilijishika mdomo kwa mkono kama mtu anayezuia kikohozi. Romanus akashusha pumzi yake, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemsaidia. Mzee Methodi alisimama na kofia yake kifuani, hana haraka hata kidogo, na mtoto mmoja aliyetaka kucheka alitazama watu wazima akaacha.

"Priska," akasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka jenereta haikusikika.

Leo ni sikukuu lakini tumefungua duka, kwa kuwa umeme upo na wote wanataka jubilei kwenye DVD. Tunaingiza mkanda kipande kwa kipande, na kila kimoja tunakipima kabla ya kwenda kingine. Dulla alipofika hapo kwenye kipaza sauti alisimamisha picha. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamera, na hakuizima wala kuihamisha. Kazini kwetu kimya kama kile huwa tunakiondoa, mteja asichoke.

"Da Zamda, hapa kwenye kungoja, nikate?"

Nikamwambia aache kama palivyo.